Takbira ya Mkono Mmoja

Takbira huanzia begani. Nimeswali miaka yote bila kulitia hilo akilini, mpaka nilipobadilishiwa bega la kulia. Nikasema Allahu Akbar, mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki kifuani, umefungwa kwa kitambaa cha shingoni.

Kichwa cha mfupa kilicholika hutolewa, kikawekwa cha chuma, na kikombe chake kikawa cha plastiki ngumu. Huko Paris, mwaka 1893, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mgonjwa wa TB ya mifupa bega la platini na mpira. Baada ya miaka kama 2 likabidi litolewe kwa sababu ya maambukizi. Humfikiria sana mgonjwa yule. Tunaopona leo tumetanguliwa na maumivu ya watu tusiowajua.

Ngozi hufunga mapema. Kinachochelewa ni msuli wa ndani ulioshonwa upya, na kwa ajili yake mkono hufungwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Usiuegemee unapoinuka, usiupeleke mgongoni. Basi sijda, inayotaka viganja vyote viwili viguse chini, ikanihama. Nikaswali kitini. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mgonjwa aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Nimekaa na mafundisho hayo kwa utulivu ambao sikuwahi kuwa nao nikiwa mzima. Swala ya kitini si swala pungufu, na anayeikataa ili aonekane mkakamavu anairudisha zawadi kwa Mwenyewe.

Udhu nilitiliwa na binti yangu. Alimimina maji kwa kopo, akapitisha kidole chake katikati ya vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, mpaka kile kidogo.

"Mama, maji hayakuchomi?"

"Hayachomi, mwanangu. Endelea."

Mimi mwenyewe sijawahi kujitawadha polepole vile.

Na vidole, alhamdulillahi, havikufungwa. Daktari aliniagiza nivikunje na kuvikunjua tangu siku za mwanzo, mkono usivimbe. Nikavihesabia tasbihi: Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34. Zoezi likawa dhikri, nami sikutaka tena kujua lipi ni lipi.

Kazi za nyumbani zinarudi kwa mwendo wake, na kupona sawasawa kwaweza kuchukua mwaka mzima. Kitana kimeanza kufika utosini. Nguo naanika kwenye kamba ya chini. Ndoo ya lita 20 sitaibeba tena kwa mkono huu, na mbuzi ya kukunia nazi nimewaachia vijana. Takbira yangu ya kulia inaishia chini kidogo ya ile ya kushoto.

Ndugu uliyefungwa mkono, vuta kiti uswali. Nawe uliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani, mtengee maji ya udhu kabla hajayaomba, kwani kuomba kila mara kunachosha.