Mizani Yenu Ina Hila, Enyi Mashabiki

Enyi mashabiki wa michezo, mnaojaa kwenye vibanda vya mpira kila mwisho wa wiki na mnaokesha mbele ya runinga wakimbiaji wetu wakiwa ughaibuni, sikilizeni. Mna mizani mbili. Moja mnampimia mnayempenda, ya pili mnampimia mnayemkumbuka siku ya medali tu. Manabii waliwakemea wachuuzi kwa kosa hilo hilo, wala hawakuliita dogo. Nanyi mnalirudia kila inapotangazwa kwamba mchezaji fulani amekutwa na dawa za kusisimua misuli, kisha mnajiita wapenda haki.

Oktoba 2020 kipa André Onana, akiwa Ajax, alipimwa mkojo ukakutwa na furosemidi, dawa inayomkojosha mtu sana. Wanamichezo wamekatazwa kuitumia kwa sababu mkojo uliojaa maji unaweza kuficha dawa nyingine. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mke wake kwa kukosea. Akafungiwa miezi 12, rufaa ikaipunguza hadi tisa, na mwaka 2023 akasajiliwa na Manchester United. Kabla yake, mwaka 2011, beki Kolo Touré wa Manchester City alifungiwa miezi sita, naye akasema alimeza vidonge vya mke wake vya kupunguza uzito. Mlisemaje? Mlisema ni mambo ya nyumbani, humpata yeyote. Adhabu ilipokwisha mkarudi kubishana kuhusu magoli.

Machi 2025 ikafika zamu ya Ruth Chepngetich, binti wa Kenya, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2019. Mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazidi, dawa ya presha ambayo nayo hukojosha. Maabara huripoti dawa hiyo kuanzia nanogramu 20 kwa mililita. Wake ulikuwa na 3,800. Akaeleza kwamba aliugua, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Mara hii hamkusema ni mambo ya nyumbani. Mlimcheka, mkamtukana, mkasema mlijua tangu zamani.

Sisemi kesi hizi zinalingana. Waliomhukumu Onana waliridhika kwamba hakukusudia kudanganya. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha hakikuridhika na maelezo ya Chepngetich, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Tofauti hiyo ni kubwa na ina uzito wake. Lakini ninyi hamkuijua, wala hamkuitafuta. Hukumu zote mbili ziliandikwa zikatangazwa, nanyi hamkusoma hata ukurasa mmoja. Mmoja mlimwachilia kwa sababu ya jezi, mwingine mkamtupa kwa sababu hana jezi ya kuwaunganisha naye.

Na huyo mliyemtupa mlikuwa mmemfanya sanamu miezi michache tu nyuma. Oktoba 2024 alipokimbia Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10, mwandishi wa habari mmoja alimuuliza angewaambia nini wenye shaka na muda ule. Hasira iliwaka nchi nzima. Kuuliza kukaitwa chuki. Mliomkinga asiulizwe ndio mliokuwa wa kwanza kumzomea. Kwa hiyo hamkumpenda. Mlikipenda kile alichowapa. Kilipoharibika, hamkuwa na haja naye tena, wala hamkuuliza ni nani wengine waliokuwa nyuma yake.

Tazameni sasa mzigo mliowaachia wakimbiaji waubebe. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa hutaja, kwa kila siku ya mwaka, saa moja ambayo atapatikana na mahali alipo. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, amefanya kosa hata kama hajawahi kugusa dawa. Hodi hubishwa alfajiri. Anafungua mlango na usingizi machoni. Chooni haendi peke yake. Ofisa wa jinsia yake husimama akitazama mkojo ukitoka mwilini hadi kwenye kikombe, mililita zisizopungua 90. Kisha mwanariadha mwenyewe anamimina katika chupa mbili, A na B, anazifunga kwa vifuniko visivyofunguka bila kuvunjwa, anahakiki namba, anatia saini. Wapo waliolelewa kwa haya na heshima, na wanaivumilia fedheha hiyo kwa miaka ili mpate kuamini ushindi wao.

Je, klabu mnayoifia mmewahi kuiuliza wachezaji wake walipimwa mara ngapi msimu uliopita? Hamjawahi. Mnasema soka ni safi kwa kuwa mnasikia majina machache. Mchezo unaotafuta hupata; usiotafuta hujisifia usafi. Huko Marekani, mchezaji wa besiboli akinaswa mara ya kwanza hukosa mechi 80 katika msimu wa mechi 162. Wa mpira wa kikapu wa NBA hukosa mechi 25. Mkimbiaji akithibitika kwamba alikusudia, huondolewa miaka minne, na kwa wengi hapo ndipo riziki inapokatika moja kwa moja. Wote mnawaita wadanganyifu, lakini mmoja anarudi uwanjani kabla hamjamsahau na mwingine anarudi akiwa mzee.

Mtasema waendesha baiskeli ndio waliooza, maana Lance Armstrong alinyang'anywa mataji saba ya Tour de France mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2013 akakiri mwenyewe. Ni kweli. Basi sikieni na hili. Mwaka 2006 polisi wa Hispania walivamia maficho ya daktari Eufemiano Fuentes wakakuta mifuko ya damu zaidi ya 200, imehifadhiwa irudishwe miilini mwa wanamichezo kabla ya mashindano. Waendesha baiskeli walitajwa wakaanikwa. Mwaka 2013 daktari huyo alisema mahakamani kwamba alikuwa na wateja wengine, wa soka, tenisi, ngumi na riadha. Majina hayo hakulazimishwa kuyataja. Jaji akaagiza mifuko iharibiwe. Rufaa ilipotengua agizo hilo mwaka 2016, muda wa kuwaadhibu wenye damu ile ulikuwa umepita. Ulimwengu wa mashabiki ulifanya nini? Ulinyamaza. Hakuna kibanda kilichofungwa, hakuna bango lililoinuliwa. Hamkutaka kujua, kwa maana mngeweza kumkuta mpenzi wenu humo.

Mna visingizio viwili, nami nitavijibu vyote.

Cha kwanza mnasema ni wivu wa wazungu. Jemima Sumgong alitwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mwaka 2016, mwaka uliofuata akakutwa na EPO, dawa iliyotengenezwa kuwaongezea damu wagonjwa, wakiwamo wa figo. Adhabu yake ikafika miaka minane kwa sababu alijitetea kwa karatasi za matibabu zilizobainika kuwa za uongo. Karatasi zile hazikuandikwa na wivu wa mtu. Kila mnapokimbilia neno hilo mnamkinga anayewauzia vijana sindano vyumbani, maana yeye hafurahii kitu kama nchi iliyoamini kwamba haina tatizo.

Cha pili, mnasema wote wanatumia. Hili ndilo ovu zaidi, kwa sababu linamwibia asiye na hatia mara ya pili. Oktoba 2021 Edna Kiplagat, Mkenya, mama mwenye miaka zaidi ya 40, alimaliza marathoni ya Boston sekunde 24 nyuma ya Diana Kipyokei, Mkenya mwenzake. Kipyokei alivikwa taji la majani, akapigiwa makofi na waliojipanga mtaani Boylston Street. Baadaye ikathibitika kwamba alikuwa na dawa iliyokatazwa mwilini na kwamba alitoa maelezo ya uongo kuitetea. Kiplagat akatangazwa bingwa mwishoni mwa 2022. Siku yenyewe ya mbio ilikuwa imekwisha kupita. Mnaposema wote wanatumia, mnamwambia mwanamke huyo kwamba hata ule ushindi aliorudishiwa kwa karatasi si kitu. Mmeketi kwenye kiti, hamjatoa jasho, na bado mnathubutu kuwapaka tope waliokimbia kilomita 42 kwa damu yao wenyewe.

Ole wenu, kwa sababu vijana wanawatazama. Kijana anayekimbia mapambazuko kwenye barabara za udongo mwekundu za Iten, Kenya, anaona nani anasamehewa na nani anatupwa. Kijana anayenyanyua vyuma mtaani anaona mwili ukisifiwa bila mtu kuuliza umetoka wapi, naye anajinunulia sindano asizojua zimetengenezwa na nani. Hawajifunzi kwenu kwamba udanganyifu ni uovu. Wanajifunza kwamba uovu ni kunaswa, na hata kunaswa si neno ukiwa kipenzi cha watu. Siku EPO itakapoufanya mzito mno mwendo wa damu ya mmoja wao, ikaganda na kuziba mshipa, msije mkalia msibani kana kwamba hamkuhusika.

Acheni mwenendo huu. Mwanamichezo anapotajwa, awe wa soka, wa ndondi au wa riadha, ulizeni maswali yale yale: amekutwa na nini, kiasi gani, ameeleza nini, na waliosikiliza ushahidi wameamua nini. Someni kabla ya kusema. Anayethibitika amedanganya, mwambieni amedanganya hata kama alikuwa amevaa rangi zenu, na msimzuie asirudi kuishi kama binadamu baada ya kuitumikia adhabu yake. Waulizeni madaktari, mawakala na makocha waliomzunguka, maana sindano haijidungi yenyewe. Vidaini vyama vya soka vipime kwa ukali ule ule wa riadha, na vitangaze hadharani vimepima mara ngapi. Mwandishi atakayeuliza swali gumu siku ya furaha yenu, mwacheni aulize. Mshindi msafi hapungukiwi kitu kwa kuulizwa.

Na anzeni na timu yenu. Kumkemea mgeni hakumgharimu mtu kitu. Siku nyota wa klabu yako atakapotajwa, huku wenzako wote wakitafuta mke, daktari au adui wa kumtwisha lawama, simama useme: na tusubiri ushahidi, na ukimwangukia, tukubali. Asiyeweza kusema hivyo juu ya mpenzi wake hana haki ya kumhukumu mkimbiaji hata mmoja.