Je, Moyo Mwema Watosha kwa Mkubwa wa Kazi?



Watu wengi husema hivi: mkubwa wa kazi akiwa na moyo mwema, basi yatosha, aliye mwema hawezi kuwaonea walio chini yake. Mimi pia nalisadiki hivyo zamani. Leo sisadiki tena, na sababu yake nitawaeleza bila kujificha, kwa maana kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nalipewa kazi ya kusimamia vibarua na walinzi mahali fulani penye ujenzi, hapa kwetu upande wa Butembo. Asubuhi moja tukahesabu mabati, tukaona kumi na mawili hayapo. Mlinzi wa usiku alikuwa mzee mmoja mpole, asiyepata kuchelewa hata siku moja. Mimi nalikuwa nimelala vibaya, na tena mwenye ujenzi alikuwa amekwisha kunigombeza kwa ajili ya saruji. Nikamwita mzee mbele ya vibarua wote, nikamwambia, "Usiku ulilala. Weka koti na tochi hapa, uende zako." Mzee akanitazama. Akalikunja koti, akaweka tochi juu yake, akaenda. Hakusema neno.

Siku ya tisa, nikitafuta karatasi nyingine katika sanduku langu, nikaona nakala ya barua yenye sahihi yangu: mabati kumi na mawili yapelekwe kwenye kiwanja cha pili kwa gari la jioni. Nalikuwa nimeitia sahihi pamoja na karatasi nyingine nyingi, nikaisahau. Nikaenda mbio hadi kwa mzee. Nalimkuta akipalilia maharagwe pamoja na mwanawe, ambaye siku zile alipaswa kuwa darasani katika shule ya sekondari. Amerudishwa kwa kukosa malipo. Nikamwomba mzee msamaha. Akanijibu, "Mwalimu, lango nalilifungua mimi, kwa barua yako. Ungaliniuliza, ningalikuambia. Lakini hukuniuliza."

Basi fikirini jambo hili. Sikumchukia mzee yule. Asubuhi ile ile nalikuwa nimetoka katika Misa. Kilichokosekana si wema, bali ni swali moja. Na swali lile halikunijia kwa sababu hakuna aliyenifundisha kwamba ni sharti kuuliza kabla ya kuhukumu.

Baadaye naliombwa kuwa mkalimani katika mafunzo ya siku tatu mjini Butembo. Walioitwa ni wakuu wa mitaa, makatibu wa komuni, na makarani wa kutoka Butembo na Beni. Mafunzo yalihusu jambo moja: jinsi mkubwa wa ofisi ya Serikali apaswavyo kukaa na wafanyakazi wake, kuwapokea, kuwapa kazi, kuwaonya, kusikia malalamiko yao, kuwaadhibu ikiwa hapana budi. Nalidhani nitatafsiri maneno makavu ya sheria. Kumbe siku ya kwanza nalisikia kesi yangu mwenyewe.

Mwalimu wa mafunzo alifundisha hivi. Mfanyakazi akishtakiwa kosa, kwanza aambiwe kwa maandishi ni kosa gani. Pili, apewe nafasi ya kujibu, naye ajibu kwa maandishi. Tatu, jibu lake lisomwe kweli, wala lisitupwe katika faili. Nne, adhabu ilingane na kosa. Maana sheria ya watumishi wa Serikali ya Kongo yaanza kwa lawama, yapita katika kukatwa sehemu ya mshahara na kusimamishwa kazi kwa muda, hata kufikia kufukuzwa, wala haianzi kwa kufukuza. Watumishi hao walikuwa na sheria yao tangu mwaka 1981, ikabadilishwa na sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016. Wale wanaofanya kazi kwa watu binafsi na kwa makampuni wana sheria nyingine, ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo yadai kwamba mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki. Na Shirika la Kazi la Dunia, katika mapatano yake ya mwaka 1982, lilikaza neno lile lile: mtu asifukuzwe kwa ajili ya mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea.

Msidhani kwamba haya ni mambo mageni ya Wazungu. Wataalamu wa sheria za Kanisa waliyaona zamani katika kitabu cha Mwanzo. Adamu alipokula tunda, Mungu alijua yote. Hata hivyo hakumfukuza bustanini kabla ya kumwita na kumwuliza. Akamsikia Adamu, akamsikia na Hawa, ndipo akahukumu. Ikiwa yeye ajuaye yote aliuliza, mimi niliyesahau sahihi yangu mwenyewe nalipata wapi ruhusa ya kutouliza?

Siku ya pili mkuu mmoja wa mtaa, mtu mzima mwenye mvi, aliinua mkono akasema, "Kukaa na watu hakufundishwi darasani. Ni malezi ya nyumbani. Aliyelelewa vema atawatendea watu vema. Aliyelelewa vibaya, hata mkimpa vyeti kumi, atabaki vile vile." Wengi walipiga makofi. Neno lake lina ukweli mkubwa. Nimewaona watu wanaozijua sheria zote, nao wazitumia kama mvuvi atumiavyo wavu: humwandikia mtu barua tatu za kumwonya, si ili ajirekebishe, bali ili wapate njia safi ya kumtoa na kumweka ndugu yao. Elimu pasipo moyo ni silaha mkononi mwa mwonevu.

Lakini mzee yule hakumaliza hesabu. Mkunga mwenye huruma, asiyejua kazi yake, aweza kumpoteza mama na mtoto huku akilia machozi ya kweli. Ndivyo ilivyo kwa mkubwa wa kazi. Kanuni haikuwekwa kwa ajili ya siku ile moyo wetu umetulia. Imewekwa kwa ajili ya siku tumelala vibaya, siku ya kugombezwa, siku ya hasira. Wahenga walisema: hasira, hasara. Nao walisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mkubwa huvutia kwake pasipo kujua. Kanuni ndiyo humlazimisha kusikia na upande wa pili.

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa ajili ya wakubwa wasiojua kusikiliza. Zamani za Wabelgiji amri ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mapatano ya kazi iliweza kumtia gerezani mfanyakazi aliyevunja mapatano yake. Basi watu walijifunza kwamba kazi ni amri na woga. Ulipokuja Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na vyeo vya juu katika utumishi wa Serikali walihesabika kwa vidole, na katika jeshi hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Askari walinung'unika. Tarehe 5 Julai mkuu wao, Jenerali Janssens, aliwakusanya huko Leopoldville, akaandika ubaoni kwamba baada ya Uhuru ni sawasawa na kabla ya Uhuru. Huenda aliona anasema ukweli tu, wala hana ubaya. Jioni ile ile askari wa Thysville waliasi, na katika siku chache nchi nzima ilitikisika. Sisemi kwamba ubao ule peke yake ulileta taabu zote. Nasema kwamba watu waliokuwa na malalamiko walipewa jibu kabla ya kusikilizwa.

Majirani zetu wa Tanganyika walikuwa na shule ya kazi hii mapema kidogo. Mwaka 1953 Waingereza walifungua huko Mzumbe, karibu na Morogoro, shule ya kuwafundisha machifu, makarani na madiwani wa serikali za mitaa. Ilifunguliwa kwa faida ya utawala wa kigeni, ni kweli. Lakini wenyeji hawakuibomoa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na tangu 2001 ni Chuo Kikuu. Kwetu Kongo Shule ya Taifa ya Utawala iliundwa mwaka 2013 huko Kinshasa. Lakini kutoka Kinshasa hadi komuni ya Bulengera au ya Mulekera ni mbali, na mkuu wa mtaa hapandi ndege kwenda kujifunza namna ya kumwonya karani. Ndiyo maana mafunzo madogo ya siku tatu, katika ukumbi wa hapa hapa, yana faida yake.

Tena nyakati zetu ni ngumu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na maofisa wa jeshi na wa polisi wakapewa nafasi za watawala wa kiraia. Na Goma ilipotwaliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni. Vitani amri yapaswa kutiiwa papo hapo. Lakini ofisini, mwenye kuandika vyeti vya kuzaliwa si askari wa mstari wa mbele. Anayetoka katika kazi ya amri akaingia katika kazi ya ofisi ahitaji kufundishwa tofauti hiyo, wala si aibu kwake.

Siku ya tatu ndipo lilipoulizwa swali zito kuliko yote. Karani mmoja kijana, aliyekuwa amenyamaza siku mbili, alisimama akasema, "Mnawafundisha wakubwa wetu kutusikiliza. Ni vizuri. Lakini mimi ni mwaka wa tatu sijalipwa mshahara wa Serikali. Je, sikio la mkubwa hupikwa chunguni?" Ukumbi ukawa kimya. Mimi mwenyewe nalisita kidogo kabla ya kuyatafsiri.

Kijana alisema haki. Maandiko yafundisha kwamba ujira wa mfanyakazi uliozuiwa hulia, na kilio chake hufika kwa Mungu. Baba Mtakatifu Leo wa 13, mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara sharti utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi. Mafunzo yasiwe blanketi ya kufunika deni. Anayesema, "Hatuna fedha, lakini tutawatendea kwa adabu," huku fedha zipo mfukoni mwake, ni mwizi mwenye adabu.

Lakini mara nyingi mkuu wa komuni naye hana fedha. Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani, na sheria yataka kutoka huko sehemu ishuke hata mijini na vijijini. Kwa miaka mingi fedha hizo zimefika kidogo au kwa kuchelewa. Basi yeye apaswa kufanya nini? Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa 2, mwaka 1981, alieleza kwamba pamoja na mwajiri anayeonekana yuko na mwajiri mwingine aliye mbali, yaani Serikali na wote wanaopanga mambo ya kazi. Deni la yule wa mbali halimwondolei huyu wa karibu wajibu wake.

Mkubwa wa karibu aweza kusema ukweli juu ya fedha: zimeingia ngapi, zimekwenda wapi, na orodha ibandikwe ukutani. Aweza kugawa kidogo kilichopo pasipo kupendelea ukoo. Aweza kuandika kwa wakubwa wake, tena na tena, akiyataja majina ya wasiolipwa. Na zaidi ya yote, asimwambie karani wake, "Jitafutie." Maana neno hilo lajulikana latuma mtu wapi. Lamtuma sokoni, kwa mama auzaye mihogo, kumdai kodi isiyo na risiti. Hapo mshahara usiolipwa na Serikali walipwa na mjane. Ndiyo maana, ndugu wasomaji, mambo ya ofisi si ya wenye ofisi peke yao. Uonevu ulioanza juu hushuka ngazi kwa ngazi, hata ufike kwa asiye na mtu chini yake.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa komuni tu. Katika parokia zetu wengi ni wakubwa wa kazi: mwenye duka na kijana wake, mwenye pikipiki na dereva wake, mama mwenye mtumishi wa nyumbani, na sisi makatekista pia. Kabla ya kumwadhibu mtu, tujiulize: Je, nimemwambia kosa lake? Je, nimemsikia? Je, nimengoja hasira ipite, ndipo nikaamua?

Yabaki neno moja juu ya mlinzi wangu. Siku ile shambani nalimpa fedha za siku tisa, akazipokea. Nikamwomba arudi kazini, akakataa. Nikamwuliza, "Nifanye nini basi, Mzee, ili unisamehe?" Akasema, "Nimekwisha kukusamehe. Lakini ulinifukuza mbele ya watu, wao wangali wanajua mimi ni mwizi."

Katekisimu nafundisha mimi mwenyewe: aliyevunja jina la mtu yampasa alirudishe. Kumbe nalitaka kulirudisha faraghani, nami nalilivunja hadharani. Kesho yake nikawakusanya vibarua, nikawasomea ile barua yenye sahihi yangu, nikawaambia nani alikosa. Mzee alisimama langoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa kofia yake, akarudi shambani.