Chuo cha Kwanza ni Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adam majina ya vitu vyote kwanza, ndipo baadaye akamtaka ayataje. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mwalimu mpole kwa mkubwa na mdogo. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wa pwani, maneno haya yalisomwa katika darasa letu hapa Kisumu baada ya sala ya Isha, na wenzetu wakataka yapigwe chapa ili nanyi myasome. Sisi tulio huku Ziwani na nyinyi mlio Mombasa, Lamu na Tanga si watu mbali mbali. Wengi wetu babu zetu walitoka huko kwenu. Wengine walikuja na misafara ya biashara iliyopita Mumias, na wengine kwa reli iliyofika hapa mwaka 1901. Dasturi zetu ni moja, na kosa nitakalolitaja sasa nalo ni letu sote.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, skuli zilifungwa nchi nzima, na vyuo vyetu vya Kurani vikafungwa pia. Watoto wadogo wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Mimi nalikuwa na mwana wa miaka sita. Nikasema, "Vyema, nitamsomesha mwenyewe." Basi kila baada ya Maghrib nikimkalisha mbele yangu, juzuu juu ya mto, na ufito kando ya goti langu. Akikosa herufi namtisha. Akikosa tena nampiga. Haukupita mwezi, jioni moja nikafika nyumbani nikakohoa mlangoni, na mtoto yule akaingia mvunguni mwa kitanda.

Mama yangu, aliyekuwa akikaa nasi, akanitazama akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hakikimbii kitabu. Anakukimbia wewe. Lakini ukizidi hivi, kesho atakikimbia na hicho kitabu."

Ndugu zangu, neno lile lilinikata maini. Kwani hasara gani iliyo kubwa kuliko mtoto kuyasikia maneno ya Mola wake na moyo wake ukaruka kwa hofu? Yule asiyejua kusoma leo, yumkini atajua kesho. Ama aliyechukia kusoma, ni nani atakayempendezesha tena?

Kesho yake mama akachukua sinia, akalitandaza unga wa mahindi, akamwita mjukuu wake jikoni. Akachora mstari mmoja uliosimama, akamwambia, "Huu ni mlingoti, jina lake alifu." Akachora mtumbwi, na chini yake nukta moja: "Huu ni mtumbwi, na samaki yuko chini yake, jina lake be." Kisha mtumbwi wenye abiria wawili juu, "huu ni te", na wenye abiria watatu, "huu ni the." Mtoto akacheka, akafuta kwa kiganja, akachora yeye. Siku ile alizijua herufi nne ambazo ufito wangu haukuweza kumtia kwa wiki tatu. Na siku ya pili alimfuata nyanya yake mwenyewe, sinia mkononi, akitaka mtumbwi mwingine.

Yamkini mtu atasema, "Huu ni mchezo, na dini haina mchezo." Namjibu: tazama mwenendo wa Mtume wako (S.A.W.). Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba kulikuwa na mtoto mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea. Na Mtume alikuwa akimwuliza habari za kidege kile kwa maneno ya vina, ili amfurahishe. Alisalisha hali amembeba Umama, binti wa binti yake. Akirukuu na kusujudu humweka chini, na akisimama humchukua tena. Na alipomwona mtoto Umar bin Abi Salama mkono wake ukizunguka kila upande wa sahani, hakumpiga wala hakumfedhehesha. Alimfundisha mambo matatu papo hapo: kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Na mtoto yule alipokuwa mtu mzima alisema kwamba tangu siku hiyo ndivyo alivyokuwa akila.

Tena, alipotaka kuwaeleza masahaba habari ya mwanadamu na ajali yake na matumaini yake, Mtume alichora umbo la pembe nne, akapiga mstari katikati unaotokeza nje, na vistari vidogo kandoni. Ikiwa wakubwa walifundishwa kwa kuchorewa, sembuse mtoto wa miaka minne? Na Luqman, ambaye Kurani imetusimulia wasia wake, alipotaka kumjulisha mwanawe kwamba hakuna kitu kinachofichika kwa Mwenyezi Mungu, alimpigia mfano wa chembe ndogo ya khardali iliyomo ndani ya jabali. Alichukua kitu kidogo anachokijua mtoto, akamfikisha kwenye jambo kubwa asilolijua. Imam Ghazali naye, aliyekufa mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema apumzike, kwani kumnyima mchezo na kumlemeza masomo daima huua moyo wake na huzima akili yake.

Wala jambo hili si geni kwenu watu wa Mombasa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliandika Masomo ya Dini kwa Kiswahili ili watoto wafahamu wanachokisoma, wasiwe kama kasuku. Na katika mji huo huo, miaka ya 1980, mwalimu wa watoto Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, aliongoza kazi ya kuanzisha skuli za watoto wadogo zilizochanganya mafunzo ya dini na elimu ya dunia. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Kazi ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Vitu vya kufundishia havikuagizwa Ulaya. Vilikuwa vya papo hapo: vifuu vya nazi, mbegu, vizibo vya chupa, makaratasi yaliyotupwa. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto waliopitia skuli hizo waliwashinda kwa maendeleo ya akili wenzao waliokaa nyumbani bila ya mafunzo. Basi ikiwa vifuu viliweza kazi hiyo skulini, vitashindwaje nyumbani kwako?

Sasa nitawatajia mambo machache tuliyoyajaribu hapa.

La kwanza, hesabu ya jikoni. Mama akichagua mchele au maharagwe, amkalishe mtoto karibu naye, amwambie atenge ya rangi moja, kisha ayahesabu kumi kumi. Sisi huku tunanunua omena, dagaa wa Ziwani, na ngege. Mtoto apange ngege watatu toka mdogo hata mkubwa, aseme yupi wa kati. Tayari amesoma hesabu, na mama kazi yake haikusimama.

La pili, bao. Wajaluo, jirani zetu, wana bao lao waliitalo ajua, nanyi mna lenu la kete. Chimba vishimo uani, mtoto atie mbegu tano katika shimo moja, atoe mbili, akwambie zilizobaki. Na hapa nawasema akina baba, nami nimo. Wangapi wetu hukaa barazani mpaka usiku, hesabu za kete zote tunazijua, na mwana nyumbani hajui kuhesabu hata kumi?

La tatu, udhu. Usimwambie mtoto, "Hivi ndivyo." Tawadha mbele yake, ukose kwa makusudi: osha miguu kabla ya uso. Utamwona anaruka, "Siyo hivyo, baba!" Mwambie, "Basi nifundishe." Mtoto anayemfundisha babake hasahau tena.

La nne, hadithi za usiku. Msimulie Nabii Nuhu, kisha mwingize wanyama jahazini wawili wawili, naye ahesabu: wawili, wanne, sita. Msimulie Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Watoto wetu hapa wanaowaona wavuvi wa Dunga wakirudi asubuhi huuliza maswali ambayo shehe hayajui, na kuuliza ni mlango wa elimu.

La tano, vitendawili. Mwanangu alitega hiki mwenyewe: "Kila jioni huzama Ziwani, na kila asubuhi hutokea milima ya Nandi, wala halowi." Tulishindwa sote tukampa mji. Akasema, "Jua!" Ndugu zangu, mtoto aliyejificha mvunguni ndiye yule aliyetushinda sote siku ile.

Najua majibu yenu. Mmoja atasema, "Sisi tulipigwa na tukasoma." Kweli, wako waliosoma. Lakini wahesabu na wale waliokimbia chuo wasirudi tena, ambao leo wanaona haya kuushika msahafu mbele za watu. Hao hatuwahesabu kwa kuwa hawakai nasi darasani. Mwingine atasema, "Sina wakati." Sikutaki siku nzima, nakutaka nusu saa baina ya Maghrib na Isha. Mwingine atasema, "Mama watoto hakusoma." Mama yangu hakumaliza skuli, na sinia lake la unga lilimshinda mwanawe aliyesoma. Na mwingine humpa mtoto simu ili anyamaze. Simu humnyamazisha kweli. Lakini mtoto hafunzwi kusema na kitu kisichomsikiliza.

Sisemi kwamba mtoto aachwe bila adabu, wala kwamba chuo na mwalimu havina haja. Mchezo una saa yake na sala ina saa yake, na mtoto ajue tofauti. Hayo nayo hufunzwa kwa upole: maliza mchezo yeye angali anautaka, usingoje achoke. Na mwalimu anayepokea mtoto aliyezoea kupenda elimu nyumbani, kazi yake huwa nusu. Ama anayepokea mtoto mwenye hofu, huanza kwa kulijenga tena lile tulilolibomoa sisi wazee.

Enyi wazee, mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Hatutaulizwa tu, "Je, alisoma?" Twaogopa tuulizwe pia, "Nani aliyemchukiza kusoma?" Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam kwanza, ndipo akamtaka ayataje. Sisi tunamtaka mtoto ataje tusiyomfundisha, kisha tunampiga kwa ujinga wetu.

Ule ufito wangu niliuvunja nikautia jikoni, ukapikia chai. Leo jioni, ukirudi kwako, kohoa mlangoni kama ilivyo dasturi, kisha tazama: mwanao anakuja mbio kukulaki, au anatafuta mvungu? Jawabu utakaloliona ndilo somo lako la kwanza.

Ewe Mola wetu, tupe katika wake zetu na wana wetu yatakayotuburudisha macho, na uzifanye nyumba zetu vyuo vya kheri. Amin.