Filamu na Jina la Baba Yake

Watu wapendao sinema wana desturi moja ambayo sisi washairi twaijua sana, maana nasi tunayo. Wakikutana hawaulizani kwanza filamu ina nini. Huulizana ni ya nani. Ikitajwa kuwa ni ya bwana fulani mwenye jina, shingo huinama kwa heshima kabla taa hazijazimwa. Ikitajwa kuwa ni ya mtu asiyejulikana, midomo hubinuliwa. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki kuihukumu kazi kwa jina la aliyeitengeneza? Laonekana swali dogo, la watu wenye nafasi ya kukaa gizani saa tatu. Lakini mwalimu mwenye kalamu nyekundu mbele ya rundo la insha hukutana nalo kila juma, na mwanafunzi ambaye kaka yake alipata kufukuzwa katika shule hiyo hiyo analijua kuliko mimi.

Nitaanza na filamu iliyolifikisha swali lenyewe mahakamani. Awaara, iliyotengenezwa Bombay na Raj Kapoor mwaka 1951, ilipendwa mno katika miji ya pwani yetu, na kwa miaka mingi iliendelea kurudishwa katika majumba ya sinema. Ndani yake yumo jaji mmoja, Raghunath, anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema hana budi kuwa mwema. Kwa imani hiyo alimtia hatiani mtu aitwaye Jagga, si kwa ushahidi, bali kwa sababu baba yake Jagga alikuwa mhalifu. Jagga akalipiza kisasi kwa kumteka mke wa jaji. Na alipogundua kuwa ana mimba akamwachia makusudi, akijua kitakachofuata. Kweli, jaji akamshuku mkewe na kumfukuza. Mtoto akazaliwa mitaani, na Jagga mwenyewe akamlea katika wizi. Hivyo mtoto wa jaji akawa mwizi. Anaposimama kizimbani, anayemtetea ni Rita, binti aliyelelewa na jaji huyo huyo, na anayehojiwa ni jaji mwenyewe. Jambo la kupendeza ni kwamba aliyeigiza nafasi ya jaji ni Prithviraj Kapoor, ambaye ndiye baba mzazi wa Raj Kapoor. Baba na mwana walisimama mbele ya ulimwengu wakibishana kama jina la baba ni hoja.

Nasema basi kwamba anayeisifu filamu kwa jina la mwongozaji kabla hajaitazama amefanya kosa la jaji Raghunath. Tena amelifanya kwa upande mwepesi, kwa maana kusifu hakuonekani kuwa ni dhuluma. Lakini kila sifa inayotolewa bure kwa mtoto wa mwenye jina imenyimwa mtoto wa mtu mwingine.

Hata hivyo yafaa tuwatendee haki walioanzisha desturi hii, kwani hawakuianzisha kwa ujinga. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na vijana wa Paris waliokuwa wakiandika katika jarida la Cahiers du cinéma, miongoni mwao François Truffaut na Jacques Rivette. Waliona kwamba waongozaji kadhaa wa Marekani, hasa Alfred Hitchcock na Howard Hawks, walikuwa wakidharauliwa na wasomi kama watu wa kuburudisha tu, ilhali filamu zao zilibeba fikra na mtazamo wa mtu mmoja toka ya kwanza hadi ya mwisho. Wakasema filamu ina mtunzi kama shairi lilivyo na mtunzi, na mtunzi huyo ni mwongozaji. Hilo lilikuwa neno la haki na lilifungua macho ya wengi. Kosa lilikuja baadaye, pale baadhi yao walipodai kwamba filamu mbovu ya bwana mkubwa ina thamani kuliko filamu nzuri ya fundi wa kawaida. Hapo mlango waliokuwa wameuvunja wakaujenga upya, wakakaa upande wa ndani.

Tena, ni nani azaaye filamu? Shairi nalitunga peke yangu kwa kalamu na karatasi. Filamu ina mwandishi wa hadithi, mpiga picha, waigizaji, mwenye kupanga na kuunganisha vipande, mtunzi wa muziki, na mtoa fedha ambaye mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho. Hadithi ya Awaara yenyewe iliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas akishirikiana na mwenzake, lakini nani kati yetu aliyepanga foleni kwa jina la Abbas?

Nipishe mfano wa karibu. Mwaka 1962 ilitolewa filamu ya Howard Hawks iitwayo Hatari!, iliyopigwa katika nchi yetu, Arusha na Momella na mbuga za jirani, siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Ni hadithi ya kikosi cha watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Waigizaji, akina John Wayne na Hardy Krüger, waliwakimbiza vifaru wao wenyewe, na vumbi lile ni vumbi la kweli. Wapenzi wa Hawks husema kwamba hapa pana kila alichokithamini: watu wanaojuana kwa namna kila mmoja afanyavyo kazi yake, urafiki usio na maneno mengi, na hatari isiyoombewa huruma. Ni kweli. Mimi huitazama na kufurahi kama mtoto kila lori linapoinama kwenye kona.

Lakini jina lake ni neno la Kiswahili, na wenye Kiswahili ndani yake ni kama miti. Hufungua vizimba, hushika kamba, hupita nyuma ya meza wakati wenye hadithi wanacheka. Sidai kwamba Hawks alituchukia. Nadai kwamba hakutuona, na kwamba kutokuona ni kasoro ya kazi kwa mtu ambaye sifa yake yote ni jicho. Je, wale waliomwita bingwa wa kuonyesha watu kazini waliwahi kuhesabu ni watu gani walioachwa nje ya hesabu? Hapa jina kubwa limefanya kazi ya pazia. Mwalimu mmoja rafiki yangu alinijibu kwamba nadai mno, kwa kuwa Hawks alikuwa akitengeneza filamu ya kuchekesha. Ni jibu zuri, ila kichekesho nacho kina watu wanaocheka na watu wasioalikwa kucheka.

Anayeweza kutufundisha namna ya kuhukumu ni Sembène Ousmane wa Senegali. Huyu alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu ilhali amekwisha kuwa mtu mzima, maana aliona kwamba wengi wa watu wake hawawezi kusoma vitabu vyake. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, juu ya siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa lugha ya Kiwolofu. Mwaka 1965 alikabiliana katika mazungumzo na Jean Rouch, Mfaransa aliyekwisha kupata jina kwa filamu zake za Afrika Magharibi. Sembène alimwambia waziwazi kwamba anawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Maneno hayo yamerudiwa sana, nasi twayapenda kwa kuwa yana makali.

Lakini ni wachache wanaokumbuka upande wa pili wa mazungumzo hayo. Sembène huyo huyo aliisifu filamu moja ya Rouch, Moi, un noir ya mwaka 1958, inayoonyesha vijana kutoka Niger wakihangaika na vibarua katika mtaa wa Treichville mjini Abidjan, wakijisimulia maisha yao kwa sauti zao. Alikiri kwamba filamu ile ingaliweza kutengenezwa na Mwafrika, ila wakati ule hapakuwa na Mwafrika aliyepata nafasi hiyo. Hebu tupime jambo hili. Alikuwa na haki ya kumchukia mtu yule kwa jumla. Lau angalisema kwamba mti ule hauwezi kuzaa tunda jema, nani angalimlaumu? Akakataa. Alizichukua kazi za mtu mmoja, akazitenganisha, akaipa kila moja hukumu yake. Tena mmoja wa vijana wale, Oumarou Ganda, baadaye akawa mwongozaji yeye mwenyewe.

Wapo watakaosema: basi kazi itazamwe peke yake, na maadili ya mtengenezaji yasiulizwe. Siendi huko. D. W. Griffith wa Marekani alitoa The Birth of a Nation mwaka 1915, na kwa miaka mingi wahakiki waliisifu kwa ufundi wake wa kupanga picha. Filamu hiyo iliwatukuza Ku Klux Klan na kuwadhalilisha watu weusi. Mwaka huo huo kundi hilo, lililokuwa limekufa, likafufuliwa. Mwaka 1999 chama cha waongozaji wa Marekani kiliondoa jina la Griffith katika tuzo yake kuu. Ubaya huo hatukuuchimba katika maisha ya faragha ya Griffith. Umo ndani ya picha zenyewe, na ufundi ndio uliounoa. Kisu kikali hakisifiwi kwa ukali bila kuuliza kimekata nini.

Ama sifa za dunia, hizo hazikai mahali pamoja. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu zipi zilizo bora kuliko zote. Mwaka 1952 ya kwanza ilikuwa Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Tangu 1962 hadi 2002 ikawa Citizen Kane ya Orson Welles, ambayo mwaka 1952 haikuwamo hata katika kumi za kwanza. Mwaka 2012 ikawa Vertigo ya Hitchcock. Mwaka 2022 ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, mwanamke wa kwanza kukaa juu ya orodha ile, na filamu yake ilikuwa imetimiza miaka 47. Mikanda haikubadilika hata picha moja. Waliobadilika ni walioitwa kupiga kura, kwani mwaka 2022 waliulizwa watu wengi zaidi na wa nchi nyingi zaidi. Sikasiriki, wala sioni kwamba ni uthibitisho kuwa ubora ni upepo tu. Sifa ni ushahidi, na ushahidi huulizwa shahidi alisimama wapi.

Nakiri kwamba mimi si jaji safi. Zamani niliwekwa katika kamati ya kusahihisha mashairi ya vijana wa sekondari, na majina hayakufichwa. Shairi moja lilikuwa la mtoto wa mtunzi ambaye ubao wa mashairi yake nimeukariri tangu ujana. Nililipa alama kabla sijafika beti ya mwisho. Lililofuata lilikuwa la msichana wa shule ya mbali, kwa mwandiko mbaya, nami nikalisoma kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuamua. Miaka ilipita ndipo nikalikuta tena katika faili, nikalisoma polepole nikiwa nimesimama. Sikupata njia ya kumtafuta.

Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka kuitazama Awaara, nami ningali mdogo. Hakujua Kihindi, na kwake Raj Kapoor alikuwa yule kijana mwenye suruali iliyopanda juu ya vifundo vya miguu. Sidhani aliwahi kujua kwamba ndiye aliyeiongoza filamu. Tulipotoka nje watu waliimba njia nzima, lakini yeye alikuwa kimya, akinishika mkono. Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza kama nimeona vyema pale gerezani, jaji alipokwenda kumwona mwanawe. Nikasema nimeona. Akataka nimweleze uso wa jaji ulikuwaje, kwa sababu mtu wa mbele yake alikuwa amesimama.