Je, Ni Haki Kumwua Mbwa-Mwitu Aliyerudi?

Liko swali linalowagawanya watu wa Ulaya, nalo lastahili kupimwa na kila mwenye kutafuta haki: mnyama mkali aliyemalizwa na wanadamu akirudi katika misitu yake ya zamani, je, ni halali kumwua? Tunayemsema ni mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, wala si yule wa mabaka anayejulikana Afrika Mashariki.

Tuchukue mfano wa Uswidi. Huko mbwa-mwitu aliwindwa hata akakaribia kutoweka, ndipo mwaka 1966 serikali ikapiga marufuku kumwua. Mwaka 1983 jozi moja yenye asili ya Finland na Urusi ilizaa katika jimbo la Värmland. Kutokana na hao, na wachache waliowafuata, leo wamekuwa mamia. Mwaka 2010 wawindaji waliruhusiwa tena kuua kwa idadi maalumu, nayo ilikuwa 27. Mwaka 2023 idadi iliyoruhusiwa ilifika 75.

Wawindaji wengi wana hoja tatu. Kwanza, mbwa-mwitu hula elki, yaani kulungu mkubwa wa kaskazini, ambaye nyama yake ni kitoweo cha familia nyingi za mashambani. Pili, wao huwinda kwa mbwa wanaoachwa huru msituni, na mbwa-mwitu huwaua mbwa hao. Serikali hulipa fidia, lakini fedha hazimrudishi mbwa aliyelelewa nyumbani. Tatu, wanaomtetea zaidi ni watu wa mjini, wasiofuga wala kuwinda. Naam, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Asiyezisikiliza hoja hizi si mwadilifu. Lakini tuzipime. Elki wa msituni si mali ya mwindaji kabla hajampata. Basi mbwa-mwitu anayekula riziki aliyopewa na Muumba wake hawezi kuitwa mwizi. Ama hasara ya mbwa ni ya kweli, nayo yampa mtu haki ya kujikinga. Ndiyo maana sheria ya huko humruhusu mwenye mbwa kumpiga risasi mbwa-mwitu anayemshambulia. Lakini haki ya kumzuia mshambuliaji si haki ya kuwaua wenzake wasiodhuru.

Je, basi kupunguza idadi yao ni dhuluma? Si lazima. Wapo wawindaji wasiomchukia mnyama huyu, nao husema kwamba idadi ikidhibitiwa, watu watamvumilia. Isipodhibitiwa, atauawa kwa siri. Neno hili lina hekima, ila lina mpaka wake. Mbwa-mwitu wa Uswidi wametokana na wazazi wachache mno, hata wanazaana ndugu kwa ndugu, na kizazi cha namna hiyo kikipunguzwa sana hudhoofika zaidi.

Kwa hiyo kuua kwa haki kuna masharti: kuwe na madhara yaliyothibitika, njia nyingine kama uzio ziwe zimejaribiwa, na kizazi kisihatarishwe. Nao watu wa mjini wachangie gharama, kwani huruma inayolipiwa na jirani peke yake si huruma.

Mwenye bunduki na ajiulize: chuki ikiondoka moyoni mwangu, je, hoja yangu itabaki? Na mtetezi wa mjini ajiulize: kama kondoo aliyeraruliwa angekuwa wangu, je, ningesema hivi hivi? Wakijibu kweli, wataweza kukaa baraza moja.