Gesi Haiishi Kama Mkaa

Kaskazi inapoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, simu za mafundi wa AC wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazipumziki. Joto la mchana hufika nyuzi 32, unyevu umejaa hewani hata jasho halikauki, na usiku hauleti nafuu ya maana. Mwenye nyumba aliyepitisha msimu mzima wa kusi bila kukumbuka kuwa ana kiyoyozi anakiwasha. Kinanguruma, kinatoa upepo wa vuguvugu. Fundi anaitwa. Anapanda kwenye kiti, anafungua kifuniko, anatoka nje kugusa mirija, kisha anarudi akifuta mikono: "Mama, gesi imeisha."

Sentensi hiyo huwatoa watu fedha mwaka hadi mwaka, na wengi huilipia bila swali.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mkaa wa jikoni. Imefungiwa ndani ya mzunguko wa mirija ya shaba, kompresa na koili mbili. Inageuka kimiminika, inageuka tena gesi, inabeba joto la chumbani na kwenda kulitua nje, kisha inarudi kubeba jingine. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi kwa gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, basi kuna mahali imetokea: nati iliyolegea, mrija uliopata ufa, au koili iliyoliwa na chumvi, na huku Pwani chumvi ya bahari haizionei huruma koili zinazotazama ufukwe. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amemuuzia mteja ubaridi wa muda mfupi, na kaskazi ijayo ataitwa tena kwa kazi ileile.

Tena mara nyingine hata gesi yenyewe haijapungua. Kichujio kimeziba vumbi. Koili ya nje imefunikwa uchafu na manyoya ya njiwa. Au kapasita imekufa, kile kikopo kidogo kinachosaidia kompresa na feni kuanza kuzunguka. Kapasita ikifa, kompresa hunguruma kidogo na kunyamaza, na hapo ndipo penye mtego: fundi mwenye tamaa anatangaza kwamba kompresa imeungua. Bei ya kompresa ni mara nyingi ya ile ya kapasita, na mteja aliyesimama pale mlangoni hana cha kumwezesha kutofautisha.

Mwaka 1973 wanauchumi Michael Darby na Edi Karni waliandika juu ya huduma za aina hii, zile ambazo mnunuzi hawezi kupima ubora wake hata baada ya kuzilipia. Anayeuza tiba ndiye huyohuyo anayetaja ugonjwa. Chumba kikipoa, mteja anajua tu kwamba kimepoa. Hajui kama palihitajika gesi, kapasita, au kusafisha kichujio kwa maji ya bombani. Kila fundi anayeingia katika nyumba anayo nafasi hiyo mkononi, naye anajua kwamba anayo. Ndiyo maana suala la kumpata fundi wa kuaminika linahusu tabia ya mtu kwanza, hata pale linapoonekana ni suala la mashine.

Jamii zetu zina njia yao ya zamani ya kulitatua: kuulizia kwa jirani, kwa shemeji, kwa mtu wa msikitini au kanisani. "Huyu kijana namfahamu, mama yake tulikuwa naye Magomeni." Njia hiyo ina heshima yake na isidharauliwe, kwa sababu fundi anayefahamika kwao ana jina la kulinda. Lakini haitoshi. Kumfahamu mama wa kijana ni kufahamu malezi yake, na malezi hayamfundishi mtu kusoma geji. Fundi mkweli asiye na ujuzi ataiua kompresa kwa moyo mweupe kabisa, ataomba radhi kwa unyenyekevu, na mwenye nyumba atanunua mashine mpya.

Mwaka 2011 ulionyesha jambo hilo kwa uchungu. Makontena ya baridi, yale yanayobeba samaki, nyama na matunda baharini, yalilipuka bandarini, na watu watatu walipoteza maisha Vietnam na Brazili. Uchunguzi ulielekea kwenye gesi iliyochakachuliwa. Mitungi iliyoandikwa R-134a, jina la gesi halali ya kupozea, ilikuwa na kloridi ya methili, gesi ya bei ndogo ambayo ikikutana na alumini ndani ya mashine hutengeneza kemikali inayowaka papo hapo inapoguswa na hewa. Huenda waliojaza gesi ile hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Walisoma lebo ya mtungi wakaiamini. Uaminifu usio na kipimo uliishia kwenye mazishi.

Kwa hiyo fundi mzuri hupimwa kwa anayoyafanya kabla hajaugusa mtungi wa gesi. Anaanza na maswali: lini kiliacha kupoza, kilianza ghafla au taratibu, nani alikigusa mara ya mwisho. Anatoa kichujio na kukiosha. Anapima kapasita kwa mita na kumwonyesha mteja namba. Akishuku kwamba gesi inavuja, anaitoa iliyobaki na kuihifadhi kwenye mtungi, anajaza naitrojeni kwenye mirija, kisha anasubiri akiitazama mishale ya geji. Ikishuka, anachukua brashi na maji ya sabuni na kupaka kwenye kila kiungo. Povu linaanza kuvimba taratibu pembeni mwa nati, kipovu kimoja, kingine, na hapo hata mtoto wa nyumba anaona ugonjwa uko wapi.

Anaukata mdomo wa mrija ulioharibika, anausawazisha, anautanua upya na kuukaza kwa spana. Kisha anaunganisha pampu ya vakyumu na kuiacha ivute hewa na unyevu wote uliomo. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko nyingine, kwa sababu inakula muda na pampu ni ya kununua. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, hufungua valvu kwa sekunde chache, akaiacha gesi ya mashine isukume hewa nje, akafunga na kusema tayari. Chumba kinapoa siku hiyo. Unyevu uliobaki ndani unachanganyika na oili, unageuka asidi, na kompresa inaanza kuliwa polepole. Ikifa baada ya mwaka mmoja au miwili, hakuna atakayekumbuka ni nani aliyeifunga.

Mwisho ndipo gesi inapowekwa, tena kwa mizani. Ubavuni mwa kifaa cha nje kuna kibati kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa kilo. Kibati hicho kinasomeka na mtu yeyote, na mwenye nyumba anayekisoma kabla fundi hajafika ameshajipunguzia nusu ya hatari. Kama kimeandikwa R-410A na fundi ameshika mtungi wa R-22, mazungumzo yaishie hapo. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi, na gesi hizo mbili hazibadilishani.

Aina za gesi zenyewe zina historia inayotugusa kwa karibu. R-22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-410A haiharibu ozoni, lakini kilo moja ikivujia hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksaidi. R-32 ina thuluthi moja hivi ya athari hiyo, ila inaweza kushika moto kwa kiasi, kwa hiyo haitaki fundi anayechomelea mrija wenye gesi ndani. Mkataba wa kupunguza gesi zenye madhara kama hayo ulifikiwa hapa jirani, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, ukaanza kutumika Januari 2019. Fundi aliyejifunza kazi kwa R-22 peke yake na kusimama hapo, hata awe na miaka ishirini ya uzoefu, amepitwa. Na yule anayefungua valvu na kuiachia gesi yote angani ili asisumbuke kuibeba anamdhuru mtu ambaye hatamwona kamwe.

Swali la cheti lizungumzwe kwa haki. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina kozi za majokofu na viyoyozi, na kazi za kufunga umeme nchini humo zina leseni zinazotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kenya, EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, hutoa leseni za mafundi umeme. Ni haki ya mwenye nyumba kuulizia karatasi hizo, na fundi asione ametukanwa. Lakini baadhi ya mafundi hodari walijifunza chini ya fundi mkubwa, wakibeba spana tangu ujanani bila kuketi darasani. Hao nao VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuurasimisha ujuzi wao. Fundi wa mtaani aliyejitolea kwenda kupimwa, wakati angeweza kuendelea hivihivi, ameonyesha jambo kuhusu nafsi yake ambalo cheti chenyewe hakiwezi kulisema lote.

Ipo pia alama nyingine, na makala hii inaipa uzito kuliko zote: fundi anayekubali kupoteza biashara. Mteja anataka mashine ya BTU 24,000 kwa chumba cha kulala, akidhani kubwa ndiyo bora. Fundi mkweli anapima chumba, anatazama dirisha linaelekea wapi, anauliza wanalala wangapi, kisha anasema ya 9,000 au 12,000 inatosha. Ana sababu. Mashine kubwa mno hupoza hewa haraka na kuzima kabla haijaondoa unyevu, na katika mji wa pwani chumba kinabaki baridi lakini chepechepe. Mwingine atapanda darini, akakuta bati tupu bila kizuizi chochote cha joto, na kushauri hilo lishughulikiwe kwanza. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene na dari za juu, na wakazi wake walivumilia kaskazi karne nyingi bila umeme. Fundi anayemkumbusha mteja kivuli, hewa na mti kabla ya kutaja bei ya mashine anastahili kupewa kazi na kutajwa kwa wengine.

Upande wa mteja nao una yake, na hausemwi vya kutosha. Watu wengi humkandamiza fundi kwa bei hadi inabaki nauli na chakula cha mchana, kisha wanashangaa kwa nini hakuleta pampu. Vakyumu, naitrojeni na mizani vina gharama. Anayetaja bei iliyo chini mno kuliko wenzake ana hatua anazokusudia kuziruka, na mteja aliyemlazimisha ashuke ameshiriki kuziruka. Wapo wanaosema "njoo kesho" wiki nzima baada ya kazi kukamilika. Wapo wanaomwacha kijana aning'inie dirishani ghorofa ya nne bila mkanda wa usalama, wao wakiwa ndani wanatazama runinga. Fundi anayetendewa hivyo nyumba baada ya nyumba hujifunza kujilipa mapema kwa njia anazozijua yeye, na hapo ndipo malipo ya awali "ya vifaa" yanapoondoka na asionekane tena.

Kiyoyozi cha kwanza cha familia nyingi hufungwa chumba cha kulala. Kwa hiyo fundi huyu ni miongoni mwa wageni wachache wanaoingia mahali ambapo hata ndugu hubisha hodi mara mbili. Anaona kitanda, dawa zilizo mezani, picha za ukutani, funguo. Mara nyingi anayempokea ni mama peke yake, au dada wa kazi. Kuvua viatu mlangoni, kutandaza gazeti chini kabla ya kutoboa ukuta, kuomba ruhusa kabla ya kusogeza kitu, kufagia vumbi lake mwenyewe: haya hayamo kwenye mtihani wowote wa ufundi, lakini mtu anayeyaheshimu sebuleni ana uwezekano mkubwa wa kuiheshimu nati iliyojificha nyuma ya mashine.

Msimu huu wa joto, msomaji, usisubiri kifaa kife ndipo uhangaike. Mwite fundi mapema, wakati hana foleni ya watu na anaweza kukupa muda wake. Kabla hajaanza, mwombe aandike kwenye karatasi tatizo ni nini, atabadilisha nini, kwa bei gani, na dhamana ni ya muda gani. Vifaa vikihitajika, nenda naye Kariakoo au umlipe muuza duka moja kwa moja, na kile cha zamani ubaki nacho. Akisema gesi imepungua, mwambie akuonyeshe inakovuja. Kisha kazi ikikamilika na chumba kikapoa, mlipe siku hiyohiyo, kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na ulipe yote mliyokubaliana.