Yusufu Alinyoa Kwanza

Somo: Mwanzo 41:14–16



Yusufu alikuwa mgeni katika nchi ya watu, tena mfungwa. Farao alipomwita, alitolewa gerezani upesi. Hata hivyo alinyoa kwanza, akabadili nguo, ndipo akaingia. Na alipoulizwa habari za ndoto hakujisifu. Alisema jibu litatoka kwa Mungu.

Nasi tulio hapa Ggaba huitwa vivyo hivyo. Simu inalia jioni: njoo kesho asubuhi kiwandani Namanve, wanatafuta watu wa kuunganisha vifaa. Basi tujiandae usiku uleule. Nguo zifuliwe. Tuvae viatu vya kufunika, si kandambili. Kitambulisho cha mkimbizi kiwe mfukoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, kwa hiyo tusiingie kama wezi. Nauli iwekwe kando, maana taksi ni zaidi ya moja. Tujizoeze salamu za Kiingereza na maneno ya Kiganda ya kazini: mpola, mangu, yimirira.

Lakini tuna jambo la kuungama mbele yenu. Ndugu mmoja alituomba ushauri, nasi tukamwambia: "Wakikuuliza kama unaijua mashine, itika ndiyo. Mungu atakusaidia." Akaitika. Siku ya tatu mashine ilimkata kidole. Ukweli ukajulikana, akafukuzwa. Tulipokwenda kumwona tulikosa neno, na yeye ndiye aliyetuombea.

Wapendwa, ule ulikuwa uongo wetu, nasi tuliuita imani. Mungu aliyemfungulia Yusufu hahitaji uongo wetu ili afungue mlango.

Ukiulizwa usilolijua, sema: "Sijawahi, lakini niko tayari kufundishwa." Kisha taja unalolijua. Mama aliyeshona nguo Bukavu anajua kufuata kipimo. Kijana aliyetengeneza baiskeli Uvira anajua kukaza nati. Mwalimu aliyeacha darasa lake asione haya. Anajua kuwahi na kusikiliza. Nawe uulize: "Mashine hii inazimwa wapi?" Swali hilo si la kuonea aibu.

Jumapili baada ya ibada tutafanya mazoezi ya mahojiano papa hapa kanisani. Yule ndugu amekubali kukaa kwenye kiti cha bosi na kutuuliza maswali.

Bwana awafungulie mlango, mwingie na kweli. Amina.